Maneno Yaliyobaki Kayole

Jumamosi iliyopita bomba la jikoni kwangu lilikohoa. Likakohoa tena, likapiga chafya, likatoa ile harufu ya kutu na vumbi lililolowa, harufu ambayo mtu wa Eastlands huijua hata akiwa usingizini. Na mimi, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, mwenye tangi la maji juu ya paa na bila sababu yoyote ya kukimbia, nikaacha sufuria mekoni nikapiga yowe: "Maji yamekujaaa!" Nafikiri hata jirani wa chini alinisikia, maana mbwa wake alibweka.

Nikacheka mpaka nikashika meza. Nilikuwa nimerudi utotoni, uani kwetu mtaa wa Jericho, Nairobi, miguu pekupeku, mtungi wa lita ishirini ukinigonga magoti, moyo unanienda mbio kwa furaha isiyo na kifani.

Nyinyi mliokulia nyumba za kaunsili hamhitaji kuelezwa. Milango inatazamana, katikati ua, na katikati ya ua bomba moja. Maji yalikuwa ya zamu, Jumanne na Ijumaa kwa ratiba, lakini kwa kweli yalikuja yalipojisikia. Basi ua wetu ukawa na sheria yake. Atakayesikia bomba likikohoa kwanza apige yowe, "Maji yamekuja!", na kwa kuwa ametuita wote, mtungi wake unakaa wa kwanza kwenye foleni. Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Mama Asha, jirani yetu wa mlango wa kulia, mwanamke mrefu aliyeuza vitambaa mtaa wa Isili na ambaye sauti yake ingetosha soko zima. Ukiita, yeye hutoka, husikiliza bomba, halafu hukunyoshea kidole: "Haya, weka mtungi wako mbele!" Jamani! Nimepandishwa vyeo viwili kazini tangu wakati ule, na hakuna hata kimoja kilichonipa raha ile.

Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wangu Nekesa alikuwa na mitano na, kwa hesabu ya watu wazima, alikuwa hasemi. Siku hizi hali yake ina jina, usonji, na ukilitaja kliniki mtu anakuelewa. Wakati ule uani kwetu jina hilo hatukulijua. Tulikuwa na "hasemi", tulikuwa na "kichwa kigumu", na kuna wa kanisani waliokuwa na mengine nisiyotaka kuyarudia. Mama alikuwa akiuza sukuma wiki sokoni, na wateja wakimwuliza alikuwa na jibu moja tu: "Alianza kuongea vizuri tukiwa Kayole. Mama, baba, maziwa. Tulipohama, maneno yakabaki Kayole."

Nami, kwa akili zangu za miaka kumi, nililichukua jambo hilo kama lilivyo. Niliyaona kabisa yale maneno, yamejikunyata nyuma ya mlango wa nyumba yetu ya zamani, ghorofa ya tatu, kwenye kona tulipokuwa tukivulia viatu. Siku ya kuhama tulipakia kila kitu kwenye pikapu ya kukodi, kitanda, jiko, masanduku, hata kamba ya kuanikia nguo Mama aliifungua. Ni wazi kwamba maneno ya Nekesa yalisahauliwa, na sasa wapangaji wapya walikuwa wakiyatumia bure. Nilimwuliza Baba mara mbili kwa nini asiende siku ya mapumziko akayachukue. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili hakucheka, akaniambia nikaoshe vyombo.

Lakini msidhani Nekesa alikuwa kimya! Nekesa alikuwa na sauti kama kengele ya shule, na maneno alikuwa nayo tele, ila yote yalikuwa ya watu wengine. Anasimama mlangoni anasema, kwa sauti nzito ya mtangazaji, "Na sasa ni taarifa ya habari." Anasukuma sahani ya mrenda anasema, kwa lafudhi ileile ya mnunuzi wa vyuma aliyepita kila asubuhi na gunia lake, "Chuma kuukuu! Betri mbovu!" Ukimwuliza, "Unaitwa nani?" naye anakuuliza, "Unaitwa nani?" na sauti yako mwenyewe inakurudia usoni. Watoto wa ua walimwita Redio. "Niaje Redio! Weka ngoma basi!" Niliwarushia kandambili, na shabaha nilikuwa nayo.

Matata yalianza alipojifunza maneno ya bomba.

Wiki moja alituita mara tatu. Mara ya kwanza Mama Asha alitoka na hina mbichi mikono yote miwili, mtungi ameukumbatia kwa viwiko. Mara ya pili mzee wa mlango wa mwisho, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha sabuni, alitoka amejifunga taulo, mswaki mdomoni, ndoo mkononi, akasimama mbele ya bomba kavu akilitazama tu. Mara ya tatu ilikuwa Jumapili mchana, na chapati ziliungua katika nyumba tatu. Sasa wewe unguza chapati za watu Jumapili uone! Bomba lilikuwa kavu mara zote tatu, na Nekesa alikuwa katikati ya ua anaruka, mikono inapepea, anatabasamu mpaka ufizi unaonekana.

"Huyu mtoto anafundishwa!" mzee wa taulo alifoka. "Wanataka mtungi wao uwe wa kwanza kila siku."

"Afundishwe na nani?" Mama akamjibu palepale. "Si ni nyinyi mnasema hasemi? Leo amekuwa wa kufundishwa uongo?"

Watu wakaguna. Mama Asha akainua mkono wenye hina. "Mama Nafula, mimi sina vita na wewe. Lakini sheria ni sheria. Akirudia tena, mitungi yenu inakaa nyuma mwezi mzima."

Tulirudi ndani, Baba akafunga mlango. Baba hakuwa mtu mkali, naomba mnielewe. Alikuwa mtu aliyechoka. Kazi yake ilikuwa ya kusimama kutwa kwenye mashine ya mabati, shule ya chekechea ilikuwa imemrudisha Nekesa na kusema tumlete akianza kuongea, na mama mmoja wa kulea watoto alikuwa ametuambia hamtaki tena. Akakohoa kidogo, maana Baba hakuweza kuanza kusema jambo zito bila kukohoa, akasema, "Dada yangu anakuja Jumamosi. Ataondoka na Nekesa, ampeleke Bungoma kwa Kukhu. Kwa mama yangu kuna nafasi, kuna hewa. Labda ulimi utafunguka huko."

"Kwa muda gani?" Mama akauliza.

"Mpaka aongee."

Mpaka aongee! Nililala na maneno hayo kama mtu aliyemeza jiwe. Nilijua maneno yake yalikuwa Kayole, wala si Bungoma. Sasa wangempeleka mbali zaidi nayo, na siku yakipatikana mwenyewe hayupo.

Jumatatu baada ya shule hasira zikanipanda, na hasira za mtoto hazina adabu, nikamshukia Nekesa mwenyewe. Nilimshika mabega pale kitandani nikaanza kumpigia kelele. Kwa nini unadanganya watu? Kwa nini usiseme kitu kimoja tu, hata kimoja, Baba asikie? Unajua Jumamosi ni lini wewe? Nekesa akafumba macho, akaziba masikio, akasema kwa ile sauti nzito, "Na sasa ni taarifa ya habari."

Nikanyamaza.

Nilinyamaza bila kufikiri, kwa mazoea, kwa sababu nyumbani kwetu sentensi hiyo ikisikika redioni kila mtu alifunga mdomo. Baba hakuruhusu hata kijiko kigonge kikombe. Na nilipokwisha kunyamaza, Nekesa akatoa mikono masikioni. Akafumbua macho. Uso ukamlegea.

Woi! Kumbe ndicho alichotaka! Alitaka ninyamaze, na katika nyumba yetu hakukuwa na maneno yaliyonyamazisha watu kuliko hayo. Ili kuhakikisha, nikachukua mfuniko wa sufuria nikaugonga kwa mwiko, gwa gwa gwa. "Na sasa ni taarifa ya habari!" Nikaacha. Akatulia. Nikagonga tena. "Na sasa ni taarifa ya habari!" Mara ya tatu alinipokonya mwiko, na kusema kweli nilistahili.

Basi nikawa sikai chini. Nilizunguka chumba kile kimoja kama kuku aliyekatwa kichwa, mambo yanapangika yenyewe. Chuma kuukuu! Yule mnunuzi wa vyuma akiita hivyo, kitu kisichotakikana kinaondoka nyumbani. Nekesa huita hivyo kwa mrenda, kwa sweta la sufi linalowasha, kwa shangazi wa kanisani anayemfinya mashavu. Ondoeni! Si ndiyo maana yake? Halafu maji. Hapo nilisimama. Kwa nini maji? Nikakumbuka Jumapili: kabla ya kuita, Mama alikuwa ametoka sokoni mapema na mandazi. Mara ya pili, ni mimi nilikuwa nimefika kutoka shule. Mara ya kwanza, Baba alikuwa amembeba mabegani. Na kila mara baada ya kuita, mtungi wetu ulibaki palepale nyuma ya mlango. Mwongo wa foleni hukimbilia mtungi wake, na Nekesa hakuwahi kuugusa. Alikuwa amewaona watu wa ua ule, wenye kununa na wenye deni la usingizi, wakitoka milangoni wanacheka kwa sababu ya maneno mawili, na akachagua hayo mawili yawe ya furaha. Angechagua yapi mengine?

Nilifungua daftari la hesabu upande wa nyuma nikaanza kuandika. Nambari moja, nambari mbili. Penseli ilivunjika, nikaichonga kwa wembe, nikaendelea.

Kufikia Jumatano nilikuwa na mistari sita, na siri ilikuwa inanichoma. Nilihitaji mtu mzima, na mtu mzima mwenye amri uani alikuwa mmoja. Nilibisha hodi kwa Mama Asha nikijua huenda nikafukuzwa. Nilimkuta anakunja vitambaa. Nilimsomea daftari lote bila kupumua, kisha nikafumba macho kungoja kelele.

Hakupiga kelele. Aliketi juu ya bunda la vitambaa akaanza kucheka polepole, mabega yanatikisika. "Wallahi," akasema. "Huyu ni mimi."

"Wewe, Mama Asha?"

"Mimi nilikuja Nairobi msichana mkubwa, sina Kiswahili hata neno moja. Mjomba akaniweka dukani. Kiswahili cha kwanza kuingia kichwa hii kilikuwa cha wateja: 'Punguza kidogo, mama.' Sikujua punguza ni nini, sikujua kidogo ni nini. Nilijua tu, mtu akisema hivyo, kitu kizito kinakuwa chepesi. Basi nikipanda ngazi na mzigo, 'Punguza kidogo, mama!' Kichwa kikiuma, 'Punguza kidogo, mama!' Siku nang'olewa jino, nikamshika daktari mkono, 'Punguza kidogo, mama!' Na daktari ni mwanamume, ana ndevu mpaka hapa!"

Tulicheka mpaka nikaketi sakafuni. Akajifuta macho na mtandio. "Nilichukua nguo nzima kwanza," akasema. "Nyuzi nilizijua baadaye, moja moja. Lakini hata kabla ya nyuzi, abaayo, dada yangu, nilikuwa naongea. Ni watu hawakusikia."

Nikamwuliza kuhusu yale ya Kayole, kama yangeweza kurudi. Akasema hajui, yeye hakuwa Kayole. Akanirudishia daftari. "Andika yote. Jumamosi msomee baba yako."

Kulikuwa na mstari mmoja uliokuwa ukinishinda, nambari saba. "Usilie, tutarudi kesho." Nekesa aliusema chinichini, kwa sauti nene, na niliusikia mara nyingi: Mama akichukua kikapu kwenda sokoni, yule wa vyuma akiondoka na jiko letu la zamani, mimi nikivaa begi la shule. Hapakuwa na mtu anayelia nyakati hizo. Niliona ananituliza mimi, nikawa namjibu, "Silii, Nekesa." Kwenye daftari niliuandika, na mbele yake nikaacha nafasi tupu.

Jumamosi ikafika. Shangazi, dada yake Baba, aliingia saa nne asubuhi na mkungu wa ndizi na kicheko cha kujaza nyumba. Alikuwa mwanamke mwema, mnene wa mwili na wa moyo, na kosa lake lilikuwa moja tu, alipenda kukumbatia. Akamzoa Nekesa na kumbana kifuani.

"Chuma kuukuu! Betri mbovu!" Nekesa akapaza.

"Anasema umwachilie!" nikaruka. "Shangazi, pole, ndivyo anavyosema! Nimeandika!"

Baba akaziba mdomo, niliona mashavu yanamcheza. Hapo nikapata ujasiri. Nikasimama katikati ya chumba kama nimeitwa paredi, nikasoma daftari, nambari moja hadi sita, kwa maelezo na mifano, jasho linanitoka. Shangazi alinisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akanipapasa shavu.

"Mtoto mwerevu huyu. Lakini Nafula, hata kasuku husema."

"Mwulize kitu basi," Baba akaniambia, kwa upole. "Kitu chochote. Akijibu, tutajua."

Nikapiga magoti mbele ya Nekesa. Alikuwa anazungusha mfuniko wa sufuria sakafuni, unalia wuu wuu wuu. "Nekesa, unataka kwenda Bungoma?" Wuu wuu. "Nekesa, tafadhali. Unataka kukaa na sisi?" Wuu. Alikuwa anatazama mng'aro wa mfuniko, na mimi sikuwepo. Nilimsihi mpaka sauti ikakatika. Mama aligeuka ukutani. Nilikuwa nimepewa nafasi moja mbele ya watu wazima watatu, na nimeipoteza. Nililia kwa sauti, sioni haya kusema.

"Basi la kwenda ni saa saba," Baba akasema. Akainuka, akatoa chini ya kitanda ule mkoba wa bluu wenye zipu iliyoharibika, nguo za Nekesa zimo tayari, akautundika begani.

Mfuniko ukaacha kulia.

Nekesa alikuwa amesimama. Alitazama mkoba, akatembea mpaka mlangoni, akashika nguzo ya mlango kwa mikono yote miwili. Kisha akakohoa, kikohozi kidogo kikavu. Akasema, "Usilie, tutarudi kesho."

Kwa mara ya kwanza nilisikia sauti ile ilikuwa ya nani. Kikohozi kilikuwa cha Baba. Unene ulikuwa wa Baba, na lile neno "kesho" lilivutwa mwishoni vilevile anavyolivuta mtu wa kwetu Bungoma. Nilikuwa nimeisikia mara mia na sikuwahi kuisikia.

Mama akageuka. "Baba Nafula," akasema polepole. "Huyo ni wewe. Ni wewe kule Kayole, kwenye ngazi."

Mama akaionyesha mikono ya Nekesa kwenye nguzo.

"Alikuwa ameshika chuma cha ngazi, hataki kushuka. Ulimbandua vidole kimoja kimoja. Ulimwambia hivyo. Mara moja tu ulimwambia."

Baba alitazama vidole vya Nekesa pale kwenye nguzo ya mlango, vimekuwa vyeupe kwa kushika. Nekesa alikuwa na miaka mitatu siku ile ya ngazi. Alikuwa amengoja ile kesho miaka miwili.

"Nilimdanganya," Baba akasema. Kisha akanigeukia mimi, na sijawahi kuulizwa kitu na baba yangu kwa heshima kama ile. "Daftari lako linasema hiyo ni nini?"

Nikafungua nambari saba. Nafasi ilikuwa tupu, lakini sikuhitaji tena kuandika. "Anasema anaogopa, Baba. Anasema ukimbeba na mzigo, harudi tena. Anasema hataki kwenda."

Mkoba ulishuka begani pake taratibu mpaka sakafuni. Shangazi ndiye aliyesema kwanza, machozi yanamtiririka. "Ndugu yangu, mimi sibebi mtoto aliyekataa waziwazi namna hiyo. Umemsikia. Mtoto amekataa."

Amekataa! Sikilizeni neno hilo. Dakika tano nyuma alikuwa kasuku, na kasuku hakatai safari.

Baba alichuchumaa mlangoni. Hakumgusa. "Huendi, mama," akamwambia. "Kayole haturudi, ile ilikuwa uongo wangu. Lakini hapa huondoki." Nekesa hakumtazama usoni. Aliachia nguzo mkono mmoja, akaweka kidole kwenye koo la Baba, pale sauti inapotikisika, akangoja kama kuna nyingine inakuja. Haikuja. Basi Nekesa akampita, akatoka uani kwenye jua, akaruka juu.

"MAJI YAMEKUJAAA!"

Na watu wakatoka! Milango yote! Kelele za mitungi, kandambili zinapiga sakafu, mzee wa taulo mbele na ndoo yake. Akafika kwenye bomba, akalifungua, likatoa pumzi tupu. "Tena?" akanguruma. "Tena huyu mtoto?"

"Nyamaza wewe," Mama Asha akasema. Alikuwa amesimama mlangoni pake, ananitazama mimi nilivyovimba macho, anamtazama Baba aliyechuchumaa, anaona mkoba sakafuni. Akaelewa yote bila kuambiwa. Akanyosha kidole kirefu. "Sheria ni sheria. Ametuita. Haya, Nekesa, weka mtungi wako mbele!"

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Nikauchukua mtungi wetu nikauweka chini ya bomba kavu, na Mama Asha akaweka wake nyuma yetu, na Shangazi wa watu, hata hajui foleni ni ya nini, akaweka sufuria yetu. Wakafuata wengine. Hata ndoo ya mzee iliingia, ingawa ilinung'unika. Tulipanga foleni ndefu Jumamosi ile mbele ya bomba lisilo na tone, tunacheka kama wendawazimu, na Nekesa anaruka pembeni yetu, mikono inapepea. Maji yenyewe yalikuja Jumanne.

Baadaye ukubwani nimesoma mabishano ya wasomi. Wanauliza kama anayerudia maneno ya mwenzake anasema kitu au anatoa sauti tu, na kama maana hukaa ndani ya neno au katika namna mtu anavyolitumia. Ni mabishano mazuri na huwa nayasoma kwa hamu, maana ndiyo yaliyonifikisha kwenye kazi yangu ya ukalimani mahakamani. Lakini kila nikisoma namwona Mama Asha na daktari wake mwenye ndevu. Nani kati yetu alizaliwa na neno lake? Yote tuliyaokota kwa watu, Nekesa aliokota makubwa makubwa tu. Nyuzi zilikuja, kama alivyosema Mama Asha, moja moja, na nyingine hazijafika hadi leo. Na Baba, tangu siku ile mpaka alipostaafu na kurudi Bungoma, hakumwambia Nekesa jambo lolote ambalo hakuwa tayari kulisikia tena kwa sauti yake mwenyewe.

Nekesa ni mtu mzima sasa, tunaishi pamoja. Anakunja vitambaa duka la bintiye Mama Asha kule Isili, anavipanga kwa rangi, na ole wako uiguse bluu yake. Mama Asha mwenyewe tulimzika mwaka jana. Sikuweza kulia siku ya mazishi wala baadaye, nikawa naona nina kasoro fulani.

Basi ile Jumamosi iliyopita, bomba la jikoni lilikohoa mara tatu, likanyamaza, halikutoa hata tone. Nilikuwa bado nimeshika meza kwa kicheko Nekesa alipotokea mlangoni mwa jikoni. Hakulitazama bomba. Alinitazama mimi, nilivyofurahi, akanyosha kidole kirefu, na ile sauti ya soko zima, ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi, ikajaa nyumba yangu:

"Haya, weka mtungi wako mbele!"

Hapo ndipo nilipolia. Kisha nikaenda bafuni nikachukua ndoo, nikaiweka chini ya bomba.